Kama Storm ni Mkenya, Mbona Ukambani Bado Inangoja Mvua?

Uliza hii swali kwa muvi shop yoyote pale Mbumbuni, Makueni, uone kama kuna msee atakujibu: kama Storm wa X-Men ana damu ya Kenya, na akiinua mkono tu mvua inashuka, mbona watu wa Makueni na Kitui kila Oktoba wanakodolea mawingu macho kama mtu anangoja salo imechelewa?

Usicheke. Hiyo swali ni kali kuliko zile zote mnabishania kuhusu Thanos. Ndio mlango mzuri wa kuingilia hii stori ya mashimo kwa muvi za mashujaa wa komiki, zile mahali unaangalia fiti, popcorn mkononi, alafu ghafla unajiuliza, "Ngoja kwanza. Hii imewezekanaje?"

Kwanza tuelewane shimo ni nini, juu wasee wengi wanachanganya mambo. Mtu kuruka angani si shimo. Mtu kuumwa na buibui akaanza kupanda kuta si shimo. Hiyo ni bei ya tikiti. Ukikubali kuingia, umekubali. Shimo ni pale muvi inajiwekea sheria yake yenyewe, alafu inaivunja bila kukuambia kwa nini. Ama pale kitu kinatokea na hakuna njia kingetokea, ukifuata yale muvi imeshakuonyesha.

Kubadilisha komiki pia si shimo. Mfano ni nywele za Storm. Kwa komiki zile nywele nyeupe ni urithi wa upande wa mamake. Kwa X-Men: Apocalypse ya 2016, zinageuka nyeupe baada ya Apocalypse kumwongezea nguvu. Mafans walikasirika, sawa, lakini muvi ilikuonyesha imetokea vipi. Hapo hakuna shimo, kuna hasira tu.

Sasa turudi kwa madam mwenyewe.

Storm alitokea mara ya kwanza 1975, kwa komiki inaitwa Giant-Size X-Men namba 1, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Jina lake ni Ororo Munroe. Baba ni Mmarekani, mama anaitwa N'Daré, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. (Hilo jina N'Daré, na hiyo alama katikati, sijui ni chifu gani angeliandika kwa kipande.) Kwa hiyo komiki Profesa Xavier anampata wapi? Hapa hapa Kenya. Watu wamekauka na kiangazi, wanamwomba kama mungu, anawaletea mvua. Alafu Xavier anakam, anamwambia yeye si mungu, ni mutant, na ulimwengu unamhitaji. Madam anapaki, anaishia Marekani.

Alitoka 1975. Miaka tisa baadaye, 1984, Ukambani ilipigwa na njaa ambayo wazee hawajaisahau. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina, na hii waliiita Nikw'a Ngwete. Maana yake ni nakufa na nimeshika: doo iko mkononi, lakini chakula cha kununua hakuna. Na usidhani hayo ni mambo ya kitambo tu. Kati ya 2020 na mwisho wa 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua nzuri misimu mitano mfululizo. Muda huo wote mrembo wetu yuko New York anapigana na Magneto.

Utasema hiyo ni komiki, haiwezi kulaumiwa kwa hali ya hewa ya ukweli. Fiti. Lakini cheki hii: waandishi wa komiki wenyewe walishtukia hilo swali. Baadaye wakaongeza stori ya Ororo akiwa mdogo hapa Kenya, akilelewa na mama mmoja anaitwa Ainet. Ororo anaona kijiji kimekauka, anaita mvua, kila mtu anafurahi. Alafu anagundua ile mvua haikutoka hewani tu. Aliinyang'anya sehemu zingine, na huko wanyama na mimea vikaanza kufa. Ainet anamfundisha kwamba ukivuta wingu lije kwako, kuna jirani umemnyima.

Hiyo ni kazi safi. Kwa sheria moja tu, unaelewa kwa nini Storm hawezi kukaa juu ya kilima cha Mbooni akimwaga maji mwaka mzima: Kitui ingelipa, ama Tana River. Shimo limezibwa, na swali limekuwa zito zaidi, juu sasa nguvu yake ina gharama.

Muvi zikachukua nguvu, zikaacha gharama. Kuanzia X-Men ya 2000, Storm anaita radi na ukungu vile mtu anawasha taa, na hakuna siku umeambiwa hilo wingu limetoka wapi. Ndio maana lile swali la Mbumbuni linauma. Kama nguvu haina bei, basi kutoitumia nyumbani ni roho mbaya tu, na muvi haitaki umwone hivyo.

Alafu kuna lafudhi. Kwa muvi ya kwanza Halle Berry anaongea na lafudhi ya Kiafrika, si unaikumbuka? X2 ikafika 2003, lafudhi imepotea kabisa. Hakuna mtu kwa hiyo shule ya Xavier anauliza. Wasee wa hapa tulishtuka haraka sana juu tunajua hiyo kitu: kuna yule binamu huenda majuu miezi sita akarudi anaongea kwa pua. Lakini hata yeye huwa tunamwuliza!

Wakanda iko karibu kuliko unavyodhani

Black Panther aliingia kwa komiki 1966, Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Nchi yake Wakanda imehamahama kidogo. Ta-Nehisi Coates alipoanza kuiandika, aliiweka kando ya Ziwa Victoria. Lakini kitabu cha ramani cha Marvel cha 2008 kinaiweka ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana, pale Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini zinakaribiana, na ramani zinazoonekana kwa muvi zinafuata hapo.

Kwa hivyo ukitoka Mbumbuni, unachukua mathree hadi Machakos, unaunganisha Nairobi, Kitale, Lodwar, alafu unapanda Lokitaung hadi Todonyang. Mgongo utakuwa umekufa, lakini uko kwa mlango wa T'Challa.

Hapo ndipo maneno yanaanza. Ziwa Turkana liko chini sana, kama mita 360 tu juu ya bahari, na joto lake halina huruma. Lakini kwa Black Panther ya 2018, M'Baku na watu wake wa Jabari wanaishi kwa theluji. Theluji kamili, ya kuvalia manyoya. Huku kwetu theluji utaipata Mlima Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori, na hakuna moja kati ya hizo iko karibu na Todonyang.

Ya pili, lugha. Watu wa Wakanda wanaongea Kixhosa. Ni lugha tamu, lakini kwao ni Afrika Kusini, kama kilomita 4,000 kutoka Turkana. Na Wakanda kulingana na muvi ni nchi imejifungia tangu zamani za kale, haitoki, haiingiliwi. Sasa Kixhosa kilipita wapi? Ile milio ya ulimi ndani ya Kixhosa ilitokana na kukaa karibu na Wakhoikhoi na Wasan huko kusini. Huwezi kuokota milio ya jirani ambaye hujawahi kuwa naye.

Jibu la ukweli liko nje ya muvi. Kwa Captain America: Civil War ya 2016, babake T'Challa alichezwa na John Kani, mzee wa uigizaji wa Afrika Kusini, na Kixhosa ni lugha yake. Akakitumia kwa sini zake na Chadwick Boseman. Muvi ya Wakanda yenyewe ilipofika, lugha ilikuwa imeshachaguliwa. Hata Lupita wetu, ambaye ana Kijaluo, Kiswahili na Kihispania mdomoni, ilibidi ajifunze Kixhosa ndio awe Nakia.

Na theluji? Direkta Ryan Coogler amesema Lesotho ilimpa picha ya Wakanda: nchi ndogo ya milima, imezungukwa pande zote, na haikumezwa kirahisi na wakoloni. Sasa unganisha. Lesotho ina theluji. Zile blanketi wanavaa W'Kabi na watu wa mpakani ni za Wabasotho. Kixhosa kinatoka pande hizo hizo za kusini. Yaani hizo vitu tatu ambazo haziingiani na Turkana zinaingiana zenyewe kwa zenyewe vizuri sana. Walichukua kona moja ya kusini mwa Afrika, wakaibeba nzima nzima, wakaishukisha Turkana wakidhani hakuna mtu wa hapa atacheki ramani.

Hii haifanyi muvi iwe mbaya. Kisumu ilipata uzinduzi wake Februari 2018 na watu walitokea wamepiga luku kama harusi. Lakini inakuonyesha waliofikiriwa wakati wa kuandika. Mtazamaji wa Ohio hawezi kuona hilo shimo. Wewe unaliona kabla popcorn ipoe.

Ukitaka kuwasaidia kuziba, kuna njia, na ni ya hapa hapa Kenya. Wadahalo wa pande za Lamu na Tana River wana lugha yenye milio ya ulimi. Kule Tanzania kuna Wasandawe na Wahadza. Muvi ingesema tu lugha ya Wakanda ni ndugu ya hizo, tungekubali na tungeendelea kula.

Ndani ya hiyo muvi kuna sehemu wameshikilia sheria yao vizuri, tuwape haki yao. Pigano la kumtafuta mfalme linaisha kwa kifo ama kusalimu amri. T'Challa anatupwa chini, kila mtu anajua amededi. Akirudi, anasema hajasalimu amri na hajafa, kwa hivyo pigano halijaisha. Hiyo si bahati. Ni sheria umeshaelezwa mapema, na inafanya kazi.

Zingine za haraka

Spider-Man: Homecoming ya 2017 inaanza baada ya vita vya New York, alafu inaandika kwamba miaka 8 imepita. Hivyo vita ni vya 2012. Ongeza 8 upate 2020, na hii stori inafaa kuwa miezi tu baada ya Civil War ya 2016. Joe Russo, mmoja wa madirekta wa Avengers, alikubali hadharani kwamba hiyo hesabu ni makosa.

The Dark Knight Rises ya 2012: Bane anavamia soko la hisa mchana, biashara ikiendelea. Wanatoka na pikipiki, kufukuzana kidogo, tayari ni usiku. Alafu Bruce Wayne anatoka kwa lile jela la shimoni, hana doo, hana pasipoti, na ghafla yuko Gotham, mji uliofungwa kila upande. Hakuna maelezo.

Avengers: Endgame, 2019, ile ya mzee Captain kwa benchi. Alizeekea kwa dunia ingine ama hii yetu? Madirekta wanasema ingine. Waandishi Markus na McFeely wanasema hii. Kama wenye muvi hawakubaliani, wewe wa kwa comments unapigania nini?

Superman ya 1978, anazunguka dunia mbio hadi wakati unarudi nyuma na Lois anafufuka. Kama anaweza hiyo, mbona kuna mtu yeyote hufa tena? Chanzo ni kwamba huo mwisho ulipangiwa Superman II. Muvi mbili zilikuwa zinashutiwa pamoja, wakauhamisha, na sheria kubwa hivyo ikaingia kwa stori ambayo haikujengwa kuibeba.

Na huo ndio mtindo wa mashimo mengi. Komiki imeandikwa miongo mingi na watu wengi, kila mtu akirekebisha ya mwenzake. Muvi inabana hayo yote kwa masaa mawili, inakatwa, inashutiwa upya, na kile kinaanguka kwanza ni ile sentensi ndogo ya kueleza. Ainet alipotea hivyo.

Kuziba, mara nyingi, huachiwa sisi. Kitambo, miaka ya 60, Stan Lee alianzisha zawadi inaitwa No-Prize kwa wasomaji wa Marvel. Baadaye ikawa njia ya kumtuza yule ameona kosa akaleta maelezo ya kuliondoa. Ukishinda, unatumiwa bahasha. Ndani hakuna kitu.

Huku kwetu kazi hiyo imefanywa kwa mdomo. DJ Afro hapa Kenya, marehemu Lufufu kule Tanzania, VJ Jingo Uganda: hao wasee si watafsiri tu. Muvi ikiruka bila kueleza, msimulizi anaweza kuongeza sababu yake papo hapo, na mbogi yote kwa benchi inaridhika. Staringi ametokea mjini bila gari? Utaambiwa amebebwa na lori ya mchanga, na uamini. Bruce Wayne angefika Gotham vizuri sana akiwa na DJ Afro.

Lakini Profesa Xavier wa The Last Stand, 2006, anasambaratishwa hadi vumbi. Mwishoni unaonyeshwa akili yake imeingia kwa mwili wa mgonjwa mwingine. The Wolverine ya 2013 ikafika, mzee amerudi, sura ile ile, kiti kile kile. Days of Future Past ya 2014 ikamtumia muvi nzima bila neno moja. Kama uko na maelezo, tuma. Bahasha tuko nayo.