Siku Kumi na Mbili za Rureke

Kabla ya mwaka 1956 hakuna aliyewahi kumtaka mtambaji Candi Rureke asimulie utendi wa shujaa Mwindo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, siku baada ya siku. Kijijini kwake Bese, katika nchi ya Wanyanga huko Kivu, mashariki mwa Kongo, watu walimtaka kipande tu: leo kuzaliwa kwa shujaa, siku nyingine safari yake ya kuzimu. Nao waliokusanyika kumsikiliza walikuwa wanaijua hadithi tangu utoto. Walichokifuata ni Rureke mwenyewe.

Mtambaji wa aina yake Wanyanga humwita shekarisi, maana anamtumikia Karisi, mzimu wa kiume ambaye ndiye mwenye tendi hizo. Rureke hakudai kwamba alisoma kazi hiyo kwa akili yake tu. Alisema Karisi ndiye aliyetaka aijue, na kwamba kuitamba kunamkinga na maradhi. Pamoja na hayo, ufundi ulikuwa na njia yake ya kidunia kabisa: kijana alifuatana na mtambaji aliyekwisha kubobea, mara nyingi jamaa yake, akimpigia ala na kuitikia nyimbo, na miaka ilivyopita maneno yakamwingia.

Utambaji wenyewe ulikuwa kazi ya mwili mzima. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza ngoma na kuigiza, huku mkononi ana kibuyu chenye mbegu anachokitikisa. Kando yake vijana watatu walikipigapiga kwa vifimbo kijiti kikavu kilichoinuliwa kidogo juu ya ardhi, wakishika mdundo na kuitikia kiitikio. Kati ya kipande na kipande aliingiza wimbo, na ndani ya wimbo huo mtambaji aliweza kuacha kabisa mambo ya Mwindo: akajitaja mwenyewe, akawagusa waliohudhuria, akakumbusha kwamba pombe na zawadi hazijafika. Wasikilizaji nao walileta shanga, sarafu, chakula. Anayedhani kwamba fasihi simulizi ni babu aliyeketi kimya kando ya moto akitoa mawaidha, Bese angepotea njia.

Na kisa chenyewe kinahitaji pumzi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anaamuru wake zake wamzalie mabinti watupu. Mtoto wa kiume atauawa. Nyamwindo, mke kipenzi, anamzaa Mwindo, naye anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, akitembea na kusema, mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka kaburini. Anamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma inaelea, mtoto anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, joka la majini. Baadaye anarudi Tubondo na wajomba zake, na sasa ni zamu ya baba kukimbia, hadi kuzimu. Mwindo anamfuata huko, anamwosha vidonda vya buba binti aitwaye Kahindo, naye Kahindo anamfunulia hila zinazomngoja. Anacheza kamari na mungu Sheburungu hadi anabaki na usinga mtupu, anauweka rehani, na bahati inageuka.

Mtu angetarajia hadithi iishie shujaa akilipiza kisasi. Haiishii hapo. Baba na mwana wanapatana na kugawana utawala. Kisha Mwindo, aliyekwisha kuota kiburi, anaua zimwi Kirimu mwenye vichwa saba, asijue kwamba zimwi hilo lilikuwa limechanjiana damu na Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamnyanyua hadi mbinguni, na huko shujaa anakaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua kali, mpaka majivuno yanamtoka. Anaporudi anawaamuru watu wake, miongoni mwa mengine, wampokee kila mtoto anayezaliwa, awe wa kiume au wa kike. Amri ya baba iliyoanzisha balaa lote inafutwa na mwana aliyenusurika nayo. Hii ni kazi ya msanii aliyejua kabisa hadithi yake inaelekea wapi, ingawa wasikilizaji wake hawakuwa wameisikia ikienda moja kwa moja.

Aliyeomba isimuliwe yote ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji mtafiti wa mila, aliyekuwa amefanya kazi kwa Walega kabla ya kuwafikia Wanyanga, watu wapatao 27,000 wakati huo, wategaji na wakulima wa ndizi. Pamoja naye alikuwapo Kahombo Mateene, Mnyanga, ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu wa lugha na kuongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Kwa siku 12 Rureke alitamba, watu wakija kusikiliza, kuimba, kucheza na kula, na waandishi wakikimbizana na maneno yake. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa chapa ya Chuo Kikuu cha California, Kinyanga na Kiingereza pamoja, na Mwindo akaanza kufundishwa katika madarasa ya mbali na Kivu.

Sifa hizo Rureke anazistahili, ila kitabu kimezaa dhana moja potofu: kwamba huo ndio utendi wa Mwindo, basi. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha tendi nyingine tatu za Mwindo kutoka kwa watambaji wengine, na matukio hayalingani. Hakuna aliyekosea. Kila shekarisi alikuwa na mafundo yake ya hadithi mkononi, akayafunga kadiri ya jioni, wasikilizaji na afya yake.

Pwani nako kuna ushahidi wa jambo hilo. Edward Steere, mmisionari aliyekusanya ngano Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, aliona kwamba mara nyingi mifupa ya kisa imo ndani ya vipande vya kuimba ambavyo watu wote huitikia, na msimulizi huunganisha vipande hivyo kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Baadhi ya nyimbo hizo hata waimbaji wenyewe walishindwa kuzieleza maana. Msomaji wa leo anayefungua vitabu vya ngano za shule, ambamo nyimbo zimeachwa au zimepunguzwa kuwa mistari miwili, anasoma nyama isiyo na mfupa.

Kwa hiyo wanaotoka sasa na simu zao kwenda kuwarekodi wazee wa Walikale, Pemba au Ukerewe wasiwaambie wafupishe. Wawaache waimbe, wawaache waitikiaji wawepo, na pale mzee anapokatiza kisa kuomba maji au kumtania jirani, wasizime mashine. Na jina la msimulizi, akiridhia litajwe, liandikwe juu, mahali pa mtunzi.