Ubadilishaji wa vizio vya halijoto katika kulehemu
Ubadilishaji wa vizio vya halijoto katika kulehemu ni hesabu ya kugeuza nyuzi za Selsiasi (°C) kuwa Farenhaiti (°F), au kinyume chake, wakati wa kupanga joto la chuma cha kulehemu vifaa vya elektroniki.

Kanuni zake ni:
- °F = (°C × 9 ÷ 5) + 32
- °C = (°F − 32) × 5 ÷ 9

Kwa mfano, 350 °C ni sawa na 662 °F.

Lehemu yenye stani (bati) 63% na risasi 37% huyeyuka kwenye 183 °C. Hata hivyo ncha ya chuma hupashwa zaidi ya hapo, mara nyingi karibu 350 °C, kwa sababu hupoteza joto inapogusa waya.

Kosa la kawaida ni kusoma namba bila kuangalia kizio. Chuma kilicho kwenye skeli ya Farenhaiti kikiwekwa 350, ncha hufika takriban 177 °C tu. Lehemu haiyeyuki, na fundi hudhani chuma ni kibovu.

Katika kubadilisha tofauti ya halijoto, 32 haijumlishwi: kuongeza 10 °C ni sawa na kuongeza 18 °F.