Kidole Gumba cha Mjomba

Kwetu Lulindi lori halikuwa gari la mizigo tu. Lilikuwa basi, lilikuwa gari la wagonjwa, na mara nyingine lilichukua maiti. Mtu aliyetaka kwenda Masasi au kupanda Newala alisimama kando ya barabara na kikapu chake, akasubiri mngurumo. Lori likisimama alimpa dereva au utingo chochote alichokuwa nacho, akapanda juu ya magunia ya korosho, akashika kamba. Hakuna aliyejiuliza: gari hili likipinduka, mimi ni nani mbele ya sheria?

Swali hilo mimi nimelijua kwa gharama ya mguu wa kaka yangu.

Kwanza nieleze jinsi tulivyopata kuwa watu wa malori. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta kusini mradi wao wa karanga, na kwa ajili yake wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli iliendelea kujikongoja, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha vyuma vikang'olewa. Wakati huohuo mikorosho ilikuwa ikienea. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kwetu kusini. Reli imeondoka na korosho zimeongezeka, basi mzigo wote ukaliangukia lori. Penye malori mengi, njia ya vumbi na mteremko mkali wa Newala, ajali haziwezi kukosekana.

Ya kwetu ilitokea Oktoba 1984, msimu wa korosho ulipokuwa unaanza. Kaka yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alikuwa anarudi kutoka Newala juu ya magunia. Breki zilikataa mteremkoni. Dereva na utingo waliruka wakapona. Kaka alilaliwa na magunia na ubao wa bodi, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia juu ya goti ili kuokoa maisha yake.

Wiki ya tatu mwenye gari alikuja nyumbani akiwa na wazee wawili. Kwetu, tuwe Wamakua, Wayao au Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa hiyo wageni walikaa na mjomba barazani. Walileta magunia mawili ya mahindi, doti ya khanga kwa mama, na shilingi elfu tatu. Waliinamisha vichwa, wakaomba radhi. Kisha wakatoa karatasi iliyopigwa chapa.

Mjomba hakujua kusoma. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimekuja nyumbani kwa sababu ya msiba huo. Akaniita, "Mpwa wangu, njoo utusomee." Nikasoma kwa sauti kwamba ukoo umepokea fidia kamili na ya mwisho, na kwamba haitadaiwa haki nyingine yoyote mahali popote. Mjomba akaniuliza, "Maana yake nini?" Nikajibu, "Maana yake tumesameheana, mjomba."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika.

Kwa mila zetu mjomba hakukosea. Aliyekosa alikuja kwa miguu yake, akakiri, akatoa alichotoa, na koo mbili zikabaki na amani. Mahakama haina dawa nzuri kuliko hiyo kwa chuki. Lakini amani haimpi mtu mguu, wala haimlimii shamba. Kaka alirudi nyumbani na magongo mawili, na yale mahindi yaliisha kabla ya mvua za masika.

Mwaka 1989 nilipata kazi ya ukarani mahakamani. Septemba ya mwaka huo, nikiwa napanga majalada, nilimsimulia hakimu wetu habari ile. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kaka yako alikuwa na miaka mingapi?" Nikamjibu, 27. "Yeye alitia sahihi?" Nikasema hapana, alikuwa kitandani hospitalini, aliyetia kidole ni mjomba. Hakimu akavua miwani. "Basi karatasi ile haikumfunga kaka yako. Mtu mzima mwenye akili zake hasamehewi haki yake na mjomba wake, ila awe amemtuma. Ilikuwa lini?"

Nikamwambia.

Akafungua Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Madai ya mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ya kaka ilikwisha Oktoba 1987. Sheria hiyo inamruhusu Waziri kuongeza muda panapo sababu ya haki, lakini nyongeza isizidi nusu ya muda wenyewe. Nusu ya miaka mitatu ni mwaka mmoja na nusu. Nilihesabu kwa vidole: mwisho wake ulikuwa Aprili 1989. Tulikuwa tumechelewa miezi mitano.

Karatasi niliyoisoma haikuwa na nguvu juu ya kaka. Tuliiogopa bure, na wakati tunaiogopa, muda ulituponyoka.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kuhusu jambo hili. Kesi ya kaka haikuwa nyepesi. Juu ya mlango wa lori lile kulikuwa na maandishi: ABIRIA HAWARUHUSIWI. Mwenye gari angesema dereva alimpakia kinyume cha amri. Huko Uingereza, ambako mahakama zetu zilirithi kanuni nyingi, mwaka 1946 tajiri alishinda kwa hoja kama hiyo katika kesi ya Twine na Bean's Express, ingawa abiria alikuwa amekufa. Lakini mwaka 1976, katika kesi ya Rose na Plenty, mahakama ya rufani ya huko ilimwajibisha tajiri kwa mtoto aliyeumia kwenye gari la maziwa, ingawa dereva alikuwa amekatazwa kuwachukua watoto. Sababu ni kwamba dereva alikuwa akifanya kazi ya tajiri, japo kwa njia iliyokatazwa. Kwa hiyo kufikia mwaka 1984 wakili angekuwa na la kusema.

Kulikuwa na bima pia. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine anaoweza kuwaumiza. Anayetembea kando ya njia akagongwa, huyo analindwa waziwazi. Kwa waliomo ndani ya gari, sheria iliwataja wanaobebwa kwa nauli na wanaobebwa kwa sababu ya kazi. Je, mtu aliyempa dereva fedha kidogo na kupanda juu ya korosho ni abiria wa nauli? Hapo ndipo pangekuwa na ubishi. Siku hizo wa kubishana naye alikuwa mmoja tu, Shirika la Bima la Taifa, kwa kuwa makampuni binafsi yaliruhusiwa na sheria ya mwaka 1996.

Utingo yule angeumia, angekuwa na mlango mwingine, yaani fidia ya wafanyakazi. Sheria ya zamani ilitoa fidia ndogo mno. Ile mpya ya mwaka 2008 ilileta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Abiria wa juu ya magunia hana mlango huo.

Lakini haya yote yanahitaji mtu wa kukuambia mapema. Wakili angepatikana wapi? Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, lakini kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam wakati wa mvua ilikuwa safari ya siku kadhaa, na Rufiji ilivukwa kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Chama cha Wanasheria Wanawake kikaja mwaka 1990, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2017, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wanaokaa vijijini. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote, si za mwanzo tu. Hatua zote ni njema. Kaka yangu alifariki mwaka 2011.

Nilipotoka kwa hakimu siku ile, nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Nilimkuta anasuka mkeka chini ya mkorosho. Nikamweleza yote, pamoja na jibu nililompa mjomba barazani. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Ila mjomba usimwambie. Anadhani alinisaidia." Sikumwambia, na mjomba alikwenda kaburini na imani yake hiyo.

Sasa nimestaafu. Watu huniletea karatasi nyumbani, hasa msimu wa korosho, malori yanapoanza kupanda na kushuka. Huwauliza mambo manne. Umekwenda polisi ukapewa PF3 kabla ya hospitali kuandika majeraha? Umenakili namba ya gari na habari za bima yake? Aliyeumia mwenyewe ametia sahihi popote? Na ajali ilikuwa tarehe gani? Kisha ninawaelekeza kwa msaidizi wa kisheria, maana mimi si wakili.

Wakiniomba niwasomee karatasi, ninasoma. Wakiniuliza maana yake nini, sijibu haraka tena.