Kutoka "BBC Wamesema" hadi "Tetesi": Habari za Uingereza katika Maisha ya Ugogo

Barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Morogoro hupita Mtumba, ulipo Mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019, kisha mbele huachana na njia ya Kongwa. Ni Kongwa hiyo iliyoipeleka Ugogo katika magazeti ya London kati ya 1947 na 1951, wakati wa mpango wa karanga. Magazeti hayo yalibishana juu ya matrekta, ukame na waziri wa chakula, John Strachey, hadi mpango ulipoachwa Januari 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Mgogo alikuwa sehemu ya mandhari ya habari hizo. Msomaji aliyekusudiwa hakuwa yeye.

Uhusiano huo ulibadilika tarehe 27 Juni 1957, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza kutangaza kutoka London, mwaka uleule zilipoanza idhaa za Kihausa na Kisomali. Haukuwa ukarimu. Redio ya Cairo ilikwisha kuanza kuwahutubia wasemaji wa Kiswahili dhidi ya ukoloni, na Uingereza ilikuwa imetoka kuaibika Suez. Hata hivyo, nia ya mtangazaji haielezi yote. La msingi zaidi ni namna msikilizaji alivyoyatumia matangazo hayo, na ushahidi mmojawapo umo katika maneno anayotumia kutenga habari na uvumi.

Kiswahili cha Tanzania kina istilahi ya mtaani yenye kejeli: redio mbao, yaani uvumi usio na mwenyewe. Istilahi hiyo ina maana zaidi ikikumbukwa hali ya utangazaji ya wakati huo. Tangu Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoundwa mwaka 1965 hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, redio ya ndani ya Tanzania Bara ilikuwa ya serikali. Nafasi iliyobaki kati ya taarifa rasmi na redio mbao ilijazwa na London, pamoja na Sauti ya Amerika na Sauti ya Ujerumani. London ilikuwa shahidi wa pili. Upatanisho wa kisarufi nao unadokeza jambo: aghalabu husemwa "redio imetangaza", lakini "BBC wamesema". Chombo kimepewa upatanisho wa watu, kana kwamba ni wazee waliokaa barazani wakatoa kauli.

Dira ya Dunia ilisikika saa kumi na mbili na nusu jioni, mifugo ikiwa imekwisha kurudi zizini na ugali wa mtama ukisongwa. Betri zilizochoka zilianikwa juani mchana ili zifae kwa nusu saa ya taarifa. Jina lenyewe ni la kibaharia: dira ni chombo cha nahodha, na hapa kiliongoza masikio ya watu wanaoishi mbali na pwani, wengi wao wakiwa na Cigogo kama lugha ya kwanza. Kwa hiyo ni haki kuitaja redio, pamoja na shule, miongoni mwa njia zilizokizoesha Kiswahili sanifu katika nyumba za bara.

Taasisi za nchini ziliitambua thamani ya sauti hizo. Tido Mhando, aliyeongoza idhaa hiyo, alikuja kuliongoza shirika la utangazaji la taifa. Zuhura Yunus, mtangazaji wa Dira ya Dunia, aliteuliwa mwanzoni mwa 2022 kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais, Ikulu.

Leo habari za Uingereza hufika Mtumba, kama kwingineko nchini, kwa simu, na zinazozungumzwa sana kijiweni ni za kandanda. BBC Swahili huchapisha kila siku "Tetesi za Soka Ulaya": mchezaji fulani anatakiwa, kocha fulani yu mbioni kuondoka. Kila sentensi hufungwa kwa jina la gazeti ndani ya mabano, mara nyingi la Uingereza: Sun, Mirror, Mail, Telegraph. Mhariri ametimiza wajibu wake, kwani kichwa kinakiri kuwa ni tetesi na mabano yanamtaja msemaji. Lakini mabano hayatamkiki. Kiswahili cha mazungumzo kina njia zake za kuonyesha shaka, "eti", "inasemekana", "inadaiwa", na hakuna hata moja inayolazimishwa na sarufi. Msimulizi ana hiari ya kuziacha. Anapoifikisha habari kwa mwenzake kituo cha bodaboda, gazeti limekwisha kudondoka njiani, neno tetesi nalo pia, na kinachobaki ni kauli ileile iliyowahi kumaliza ubishi enzi za betri zilizoanikwa juani: "BBC wamesema."