Kinga na kingamwili

Kinga (i-/zi-) ni uwezo wa mwili kuhimili maradhi. Kingamwili (i-/zi-) ni protini ambayo mwili huitengeneza dhidi ya kiini fulani cha maradhi. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyoshambulia pia mbwa wa kufugwa, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Waliopona walikuwa na kingamwili damuni. Mbwa waliochanjwa vijijini wilayani Serengeti walizipata bila kuugua. Jeni za kinga, hata hivyo, hurithiwa: simba wa Kreta ya Ngorongoro, uzao wa mababu wachache, wana anuwai finyu ya jeni hizo. Mfasiri anayeziita “jeni za kingamwili” hupotosha, kwa kuwa nyingi hazihusiki na utengenezaji wa kingamwili.