Karani aliyesoma mizigo ya Kongo: E. D. Morel na magazeti ya Uingereza

Karibu kila Mkongomani aliyepita darasa la historia amesikia juu ya Mfalme Léopold II, mikono iliyokatwa na mpira uliokusanywa kwa fimbo. Ni wachache waliosikia juu ya karani wa kampuni ya meli ambaye alipiga kelele huko Uingereza mpaka mfalme huyo akalazimika kuiachia nchi aliyoifanya mali yake binafsi. Jina lake ni Edmund Dene Morel. Hakukanyaga Kongo hata siku moja. Alichokuwa nacho ni vitabu vya hesabu, kalamu, na imani moja ambayo baadaye ilimgharimu sana: kwamba raia wa kawaida wa Uingereza akipewa ukweli ndani ya gazeti lake, atamsukuma mbunge wake, na mbunge atamsukuma waziri.

Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Kijana alipofikia umri wa kutafuta kazi, alipata ukarani katika kampuni ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyobeba mizigo kati ya Anvers, bandari ya Ubelgiji, na Boma. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alitumwa Anvers mara kwa mara. Huko aliona jambo ambalo wengine pia walilipita kila siku bila kulijali. Meli zilizotoka Boma zilishusha mpira na pembe za ndovu za thamani kubwa. Zilizorudi Boma zilipakia zaidi bunduki, risasi na maofisa. Vitambaa, chumvi, vyombo vya nyumbani, yaani vitu ambavyo mchuuzi huwapelekea watu anaonunua kwao, vilikuwa kidogo mno. Basi mwenye mpira alilipwa nini? Morel alipiga hesabu akaona kwamba hakulipwa. Na mtu asiyelipwa hakai porini siku nyingi akigema mpira kwa kupenda kwake.

Ushahidi huo haukufichwa popote. Ulikuwa kwenye karatasi za bandari, mbele ya macho ya watu wenye shule. Wamisionari kadhaa walikuwa wamekwisha kuandika juu ya mauaji, na wakubwa wa Dola Huru la Kongo wakawajibu kwamba hayo ni makosa ya mtu mmoja mmoja. Hesabu ya Morel ilivunja jibu hilo. Ilionyesha kwamba uonevu ndio uliokuwa biashara yenyewe.

Mkuu wa Elder Dempster, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa dola la Léopold huko Liverpool. Kwa karani wake kusema wazi ilikuwa ni kupoteza kazi. Mwaka 1900 Morel alianza kuandika bila jina lake katika jarida la The Speaker. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na mke na watoto wa kulisha, na mwaka 1903 alianzisha gazeti lake mwenyewe la kila juma, West African Mail. Siasa yake ilikuwa ya mtu wa chama cha Liberal wa wakati ule: biashara iwe huru, na ardhi pamoja na mazao yake ni mali ya watu wanaoikaa. Si kwamba alikataa ukoloni. Utawala wa Waingereza katika Afrika ya Magharibi aliusifu, na jambo hilo tutaliona tena mbele.

Tarehe 20 Mei 1903, mbunge Herbert Samuel alileta hoja ya Kongo mbele ya Bunge la Uingereza, na ikapita bila upinzani. Serikali ikamwagiza konsuli wake aliyekaa Boma, Roger Casement, aende ndani ya nchi akaone. Casement alikodi mashua ya wamisionari Waamerika ili asitegemee vyombo vya Bula Matari, akapanda mto, akawasikiliza watu vijijini. Ripoti yake ilitoka mwanzo wa mwaka 1904. Lakini kabla ya kuichapisha, wizara ya mambo ya nje huko London iliondoa majina yote, ya watesaji na ya walioteswa, ikaweka herufi tupu. Casement alikasirika sana. Mkongomani aliyemweleza jinsi alivyokatwa mkono akawa herufi. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Morel na Casement waliunda chama cha kutetea mageuzi ya Kongo, Congo Reform Association.

Hapa inafaa kumtaja mtu ambaye vitabu vingi vinampita haraka. Hezekiah Andrew Shanu alitoka upande wa Lagos, akafanya kazi ya dola huko Boma, kisha akawa mfanyabiashara na mpiga picha wa kuheshimiwa. Ndiye aliyempelekea Morel makaratasi ya kesi ya Caudron, wakala wa kampuni ya mpira katika Mongala, ambamo ilionekana kwamba wakubwa walijua yaliyotendeka. Siri yake ilivuja baada ya kumwamini mkuu wa polisi wa Boma. Watumishi wa serikali wakakatazwa kununua kwake, na biashara ikaanguka. Alijiua mwezi wa Julai 1905. Morel aliandika huko Liverpool bila askari mlangoni, lakini Shanu aliishi Boma kwenyewe.

Mfalme naye alijua nguvu ya magazeti. Alikuwa na ofisi ya siri ya kuwahudumia waandishi wa habari, na jarida lililotolewa kwa lugha kadhaa kumtetea. Wasafiri walitumwa Kongo, wakatembezwa kule walikotakiwa kutembezwa, wakarudi kuandika kwamba mambo ni shwari. Mmoja wao, Mary French Sheldon, alichapisha sifa zake katika The Times.

Hila kubwa kuliko zote ilifanyika mwaka 1905. Léopold, akibanwa, alikuwa ametuma tume yake mwenyewe ya uchunguzi, akitumaini itamsafisha. Mahakimu watatu walisikiliza mashahidi wengi, na ripoti yao haikumsafisha hata kidogo. Ilipokaribia kutoka, mwezi wa Novemba, siku moja kabla, magazeti makubwa ya Uingereza yalipokea muhtasari wake ulioandikwa kwa Kiingereza kizuri, kutoka kwa shirika lililojiita la wamisionari wa Afrika ya Magharibi. Wahariri walifurahi. Habari imefika mapema, haihitaji kutafsiriwa, na inatoka kwa watu wa Mungu! Karibu wote waliichapa. Siku zilizofuata, walipoisoma ripoti yenyewe kwa Kifaransa, waligundua kwamba muhtasari ule haukufanana nayo, na shirika lile la wamisionari halikujulikana na mtu yeyote. Mfalme alikuwa ameyalisha magazeti ya London kwa kijiko, nayo yakameza.

Kilichomshinda Léopold mwishowe ni picha. Alice Seeley Harris, mmisionari wa Baringa katika Équateur, alikuwa amempiga picha mwaka 1904 baba mmoja aitwaye Nsala, akiwa ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vyote vilivyobaki vya mtoto. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa katika makanisa na kumbi za Uingereza. Watu waliandika barua kwa wabunge, na wabunge wakauliza maswali. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme ikawa koloni la Ubelgiji. Uingereza ilichelewa kulitambua koloni hilo hadi 1913, na mwaka huo chama cha Morel kilivunjwa kwa sherehe.

Lakini miaka hiyo ilimbadilisha Morel. Aliona waziri wa mambo ya nje, Edward Grey, akisitasita kila mara, kwa kuogopa kuwaudhi Wabelgiji na Wafaransa. Mwaka 1911 vifungu vya siri vya mapatano ya mwaka 1904 kuhusu Moroko vilijulikana hadharani: Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimepatana jambo moja mbele ya watu na lingine nyuma ya mlango. Morel aliandika kitabu juu yake. Maoni yake juu ya siasa ya Uingereza yalikuwa sasa makali: Bunge linajadili bei ya mkate, lakini vita na amani vinaamuliwa na watu wachache wa wizara moja, na magazeti yanapeleka kwa raia kile yanachonong'onezwa.

Vita vilipoanza mwaka 1914 aliyasema hayo kwa sauti. Pamoja na Ramsay MacDonald na wengine aliunda Union of Democratic Control, chama kilichotaka mikataba yote ipite mbele ya Bunge. Sasa magazeti yaleyale ya nchi iliyompigia makofi kwa ajili ya Kongo yakamgeukia. Daily Express lilitangaza mahali ambapo mikutano ya chama chake ingefanyika, na mikutano ikavunjwa kwa ngumi. Aliitwa wakala wa Wajerumani. Mwaka 1917 alishtakiwa kwa kumpelekea mwandishi Romain Rolland, aliyekuwa Uswisi, vijitabu vyake kinyume cha sheria ya vita. Kosa dogo, na adhabu miezi sita. Alifungwa Pentonville, gereza ambamo rafiki yake Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916 kwa kutafuta silaha za Ujerumani ili Ireland ijikomboe. Kabla ya kunyongwa kwake, watu wa serikali waliwaonyesha waandishi na wakubwa kurasa za shajara zilizosemwa kuwa zake, zilizoeleza mapenzi yake na wanaume, ili wanaomwombea msamaha wanyamaze. Wengi wakanyamaza. Morel mwenyewe alitoka gerezani afya imeharibika.

Mtu angetegemea kwamba aliyeonja uongo wa magazeti kiasi hicho angeogopa kuutumia. Haikuwa hivyo. Tarehe 10 Aprili 1920, katika Daily Herald, gazeti la wafanyakazi, Morel alichapisha makala dhidi ya askari Waafrika ambao Ufaransa iliwaweka Ujerumani, kwenye mto Rhine. Aliwaelezea kama wanyama wasioweza kuzuia tamaa zao, tishio kwa wanawake wote weupe wa huko. Jenerali Henry Allen, aliyeongoza jeshi la Marekani katika eneo hilo, alichunguza mwaka huohuo akaona kwamba madai yalitiwa chumvi nyingi. Morel hakurudi nyuma. Alitaka kuupinga mkataba wa Versailles, na miili ya Waafrika ikawa fimbo aliyoiokota njiani. Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa amechoka na kuumizwa. Utetezi huo hautoshi. Yule Mwafrika aliyemtetea mwaka 1903 alikuwa kijijini kwake, akigema mpira na kungoja mkombozi. Mwafrika mwenye sare na bunduki katikati ya Ulaya hakumjua, wala hakutaka kumjua.

Aliyemjibu alikuwa mshairi Mjamaika aliyeishi London, Claude McKay. Alimwandikia barua George Lansbury, mhariri wa Daily Herald, na gazeti hilo halikuichapa. McKay akaipeleka kwa Sylvia Pankhurst, ambaye gazeti lake dogo, Workers' Dreadnought, liliitoa tarehe 24 Aprili.

Makala ile haikumzuia kupanda. Katika uchaguzi wa tarehe 15 Novemba 1922, miaka 14 kamili baada ya Kongo kutoka mikononi mwa Léopold, Morel alisimama Dundee kwa chama cha Labour na kumwangusha Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni hadi mwezi mmoja kabla. MacDonald alipokuwa waziri mkuu mwaka 1924 wengi walidhani Morel atapewa mambo ya nje. MacDonald alijipa wizara hiyo yeye mwenyewe. Mwezi wa Oktoba, siku nne kabla ya uchaguzi, Daily Mail lilichapa barua iliyodaiwa kutoka kwa Zinoviev wa Moscow, barua ya kughushi, na Labour ikaanguka. Morel alikishika kiti chake cha Dundee, lakini tarehe 12 Novemba, akitembea msituni kule Devon, alikaa chini ya mti kupumzika akafa. Alikuwa na miaka 51.

Kongo iliyotoka kwa Léopold ilikuwa imekwisha kupata wenyewe wengine. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa William Lever, mwenye sabuni wa Uingereza, haki ya hekta 750,000 za michikichi, na watu wa Kwilu wakalazimishwa kupanda juu ya michikichi hiyo kukata ngazi. Wapende waliasi mwaka 1931. Hakuna picha zao zilizoonyeshwa kwa taa katika makanisa ya Liverpool.

Na mbele ya tume ile ya uchunguzi alikuwa amesimama chifu Lontulu wa Bolima. Alileta vijiti 110, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira, akavipanga juu ya meza ya mahakimu. Ripoti ilitumia ushahidi wa watu kama yeye bila kuchapisha maneno yao. Maneno yenyewe yaliandikwa na makarani, yakawekwa katika hifadhi huko Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma hadi miaka ya 1980.