Nani Alipiga Gitaa?

Kijana mwenzangu, nikikutajia santuri huenda ukacheka. Utasema hayo ni mambo ya wazee, enzi za suruali za pekosi na viatu vya raizoni. Haya, cheka umalize, halafu tusikilizane. Wapo watu mjini wanaochukua santuri za zamani na kuzihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani, wimbo mmoja mmoja, mpaka sanduku zima linaenea kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba. Wengi wanaona hiyo ni kazi ya fundi. Mimi nimeifanya kwa miezi kadhaa, na nasema ni kazi ya mwandishi. Tena mwandishi wa historia.

Niliingia humo kwa sababu ya riwaya. Natunga kisa cha miaka ya 1970, nikataka kujua mhusika wangu akikaa baa Jumamosi jioni anasikia nini. Vitabu vilinipa Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa na Vita vya Kagera. Muziki havikunipa. Muziki ulikuwa kwenye sanduku la marehemu mjomba wangu, chini ya kitanda.

Lakini tuanze mbali kidogo. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine iliyoshika sauti ya mtu na kuitoa tena, kwa sindano iliyochora karatasi ya bati. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, akaja na sahani bapa. Sahani ndiyo iliyoshinda, maana kwa chapa moja unaweza kugonga nakala nyingi, kama gazeti. Zile za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, na ukiiangusha moja, imekwisha, utaokota vigae.

Kwa sahani za namna hiyo ndipo sisi wa pwani tulipoingia katika hadithi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na kundi lake hadi Bombay, akarekodi nyimbo kwa Kiswahili. Mama yule hakusoma shule. Baadaye Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na wengi wetu tunamjua kupitia kitabu hicho. Sasa fikiri. Kitabu kinaweza kukwambia kwamba sauti yake ilikuwa tamu, lakini hakiwezi kukusikilizisha. Santuri inaweza kukusikilizisha, lakini haikwambii alizaliwa wapi, nani alimfundisha, wala nani alikuwa pembeni yake siku ile na udi mkononi. Kila kimoja kina pengo lake, na pengo la kimoja linazibwa na mwenzake. Hilo shike, tutalirudia.

Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa sahani ndogo ya plastiki inayozunguka mara 45 kwa dakika. Hiyo ndiyo iliyojaza masanduku ya wajomba zetu. Kwa Afrika Mashariki mji mkuu wa santuri ulikuwa Nairobi, ndiko zilikokuwa studio na mitambo ya kugonga sahani. Tanzania tulikuwa na bendi za kufa mtu, ila miaka hiyo ya 1970 kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu kubwa, nyimbo zikapigwa hewani nchi nzima ikacheza, lakini tepu ile hukuikuta dukani. Aliyetaka santuri alivuka mpaka. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi Nairobi, na Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga wao walihamia moja kwa moja, wakaanzisha Simba Wanyika.

Kisha siasa ikaingia kati. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ulipofunguliwa, kanda za kaseti zilikuwa zimeshaanza kuimeza santuri. Kanda ni rahisi, unainakili nyumbani, na wezi wa muziki wakafanya hivyo hivyo. Mwanamuziki akabaki na sifa.

Sasa shika santuri ya 45 mkononi. Utaona mara nyingi wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, Sehemu ya Kwanza upande huu na Sehemu ya Pili upande wa pili, kwa sababu upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Sehemu ya kwanza wanaimba kisa: mapenzi, deni, safari, mke kaondoka. Ya pili magitaa yanachachamaa, chemko lenyewe. Katikati kuna kimya, pale mtu alipoinuka kuigeuza sahani. Kwenye kompyuta watu huviunga vipande viwili viwe kimoja. Kwa kuchezea dansi, sawa. Kwa kumbukumbu, hapana. Weka vipande viwili jinsi vilivyo, halafu kama unataka utengeneze nakala ya tatu iliyoungwa. Kile kimya nacho ni historia. Mhusika wangu wa riwaya anatongoza pale pale, muda sahani inapogeuzwa.

Kazi yenyewe inakwendaje? Kwanza unasafisha. Sahani ya plastiki inapenda maji safi na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, usikatize. Zile za 78 usizipake spiriti hata siku moja, itayeyusha ule utomvu na sauti pamoja. Pia zina mifereji mipana, zinataka sindano yake nene. Sindano ya 45 ikiingia humo inayumba kama mlevi mtaroni.

Pili, waya. Umeme unaotoka kwenye sindano ni mdogo mno, sehemu chache tu za elfu ya volti. Tena wakati wa kuchonga sahani, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huzidishwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na mikwaruzo isisikike sana. Kipimo cha kufanya hivyo kilikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo lazima kati ya gramafoni na kompyuta kiwepo kikuza sauti cha santuri, kinachorudisha besi mahali pake. Ukiruka hatua hiyo utapata muziki mwembamba kama wa redio ya mkulima yenye betri zilizochoka, halafu utasema wazee walirekodi vibaya. Wazee hawana kosa.

Tatu, kompyuta. Sauti ni mawimbi, na kompyuta haijui mawimbi, inajua hesabu. Basi inapima kimo cha wimbi mara 44,100 kila sekunde na kuandika namba. Kipimo hicho ndicho cha sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982. Kwa nini nyingi hivyo? Sikio la mtu mwenye afya husikia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kila mtetemo unahitaji kupimwa zaidi ya mara mbili ndipo usipotee. Dakika moja ya namna hiyo, kwa stereo, inakula megabaiti kama kumi. Faili la MP3, ambalo wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ni kati ya walioliasisi na ambalo lilipata jina lake mwaka 1995, linaweza kula moja tu. Linafanyaje? Linatupa vile ambavyo linakadiria sikio lako halitavigundua. Kwa hiyo tunza kwanza lile faili kubwa, kisha hilo dogo ndilo utembee nalo mitaani. Programu za kazi hii zipo za bure. Audacity imekuwepo tangu mwaka 2000.

Programu hizo zina kitufe cha kuondoa kelele. Unaionyesha sehemu yenye mikwaruzo mitupu kabla wimbo haujaanza, nayo inaitafuta kelele hiyo wimbo mzima na kuitoa. Kinavutia, bwana. Lakini ukikikandamiza sana, kelele inaondoka na matoazi, na kayamba, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti. Unabaki na wimbo uliooshwa mpaka ukapauka. Mimi nguvu ya kitufe hicho naiweka chini, halafu faili ambalo halijaguswa nalihifadhi pembeni.

Hadi hapo utasema, lakini hiyo si kazi ya fundi? Subiri.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyepiga gitaa la solo katika bendi moja miaka ya 1970. Siku moja kijana wa jirani alimletea flashi aliyoinunua kwa muuza nyimbo, kampigia wimbo wa bendi yake. Nilikuwepo. Mzee alisikiliza kidogo akasema, "Huyu si mimi. Mbona tunakimbia?" Kijana akacheka, akidhani ni uzee. Mzee akaomba gitaa. Akapiga mwanzo wa wimbo jinsi anavyoukumbuka, na kweli, sauti yake ilikuwa chini kwa nusu hatua.

Bahati nzuri santuri ya wimbo ule ule ilikuwemo kwenye sanduku la mjomba. Nilibandika kipande cha karatasi pembeni ya lebo, nikahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi mpaka gramafoni ilipotimiza 45 kwa dakika kamili. Tukapiga. Gitaa la mzee likakaa sawasawa na santuri. Kumbe mashine ya aliyehamisha wimbo wa flashi ilikuwa ikikimbia karibu mizunguko 48, na hiyo inatosha kupandisha muziki nusu hatua na kumfanya mwimbaji wa makamo asikike kama kijana. Maelfu ya watu wanaweza kuusikia wimbo ule hivyo na kuamini ndivyo ulivyopigwa. Aliyeweza kukataa ni mmoja, kwa sababu alikuwepo.

Na jina la wimbo ndani ya flashi? "Zilipendwa 27." Basi. Hakuna bendi, mtunzi wala mwaka. Nikatazama lebo ya santuri yenyewe: jina la wimbo, bendi, mtunzi, namba ya sahani. Mzee hayumo. Gitaa lililowafanya watu wainuke vitini halina mwenyewe.

Nikamwambia, "Babu, kwenye faili kuna nafasi ya kuandika maelezo. Nitaweka jina lako." Akatikisa kichwa. "Usinitangaze peke yangu, mjukuu wangu. Tulikuwa saba." Ndiyo maana na wewe msomaji hulioni jina lake hapa. Amesema niwatimize kwanza wenzake. Tumeshapata watano, yeye akiwemo. Wa sita, mpiga tumba, mzee anamkumbuka kwa jina la utani tu. Wa saba alijiunga na bendi wiki ya safari ya Nairobi na hakurudi nao.

Usidhani lebo ni msahafu. Chukua "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akausambaza duniani. Nani aliutunga? Fadhili alijulikana kwao, lakini majina ya Adam Salim na Grant Charo nayo yametajwa, na ubishi haukuisha Fadhili alipofariki mwaka 2001. Karatasi ya lebo huonyesha nani aliandikishwa. Nani aliutoa wimbo kichwani mwake, hilo unamwuliza mtu, na mtu anakufa.

Hapa ndipo mwandishi anapoingia. Plastiki ya 45 ikiwa ndani ya jalada lake, mbali na jua, itakungoja. Miaka mitano zaidi haitaidhuru sana. Mzee wa miaka themanini hawezi kungoja hivyo. Kwa hiyo mimi nimeupindua utaratibu: majina kwanza, sauti baadaye. Kabla sijawasha kompyuta nachukua daftari, nanakili lebo pande zote mbili pamoja na namba iliyochongwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Halafu naenda kuuliza: alikuwepo nani? Mlisafiri na nini? Mlilipwa? Majibu nayaandika ndani ya faili lenyewe na kwenye daftari pia, maana mafaili nayo hupotea. Na nyimbo hizo siziuzi. Hakimiliki haifi kwa sababu santuri imechakaa, na wazee hawa wameshaibiwa vya kutosha.

Wewe unayetaka kuandika riwaya, usingoje mchapishaji wala semina. Uliza nyumbani kama lipo sanduku. Likiwepo, beba kalamu kabla ya waya. Nami Jumapili natarajia kwenda Morogoro na mzee. Kuna mama mmoja pale anasemekana kumjua mpiga tumba kwa jina lake la shule.